Kupanga chakula cha kila siku kujikinga na presha na kisukari: mwongozo kwa jiko la Mwanza

Tangu mama yangu aanze kliniki ya presha, majirani hapa Nyakato wananiuliza maswali yaleyale. Dada, ugali niache? Dagaa wana chumvi, nisinunue tena? Mafuta gani yanafaa? Uji wa lishe unashusha sukari kweli? Huwa najibu dukani au kwenye foleni ya maji, nusunusu, na mtu anaondoka na neno moja tu, "acha". Akifika nyumbani anaacha kisichotakiwa kuachwa. Nimeona niandike yote mahali pamoja.

Mama aliambiwa apunguze chumvi, basi. Hakuelezwa aipunguze wapi. Alirudi nyumbani akaondoa kichupa cha chumvi mezani, akaamini amemaliza kazi. Miezi miwili baadaye presha ilikuwa palepale. Tulipokaa jikoni tukafuatilia mchana mzima, tukaikuta chumvi kwenye dagaa wa chumvi, kwenye viungo vya pakiti alivyomwagia maharage, na kwenye vidole vyake, maana maisha yake yote amechota chumvi kwa mkono. Ya mezani ilikuwa ndogo kuliko zote. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kupima kuliko kwenye kukataza. Sokoni utanunua vitu vilevile unavyovijua.

Usome haya kwanza

Hatua hizi ni za mtu mzima mwenye afya, au mwenye presha au kisukari kinachofuatiliwa kliniki. Kama unatumia dawa za kisukari, hasa sindano ya insulini, usipunguze ugali na wali kabla ya kumwambia daktari wako. Chakula kikipungua na dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Mgonjwa wa figo naye aulize kwanza, kwa sababu baadhi ya mboga na matunda ninayoyasifu hapa huenda yeye anatakiwa kuyapima. Mjamzito asianze kujinyima chakula. Mtoto wa chini ya miaka 2 haondolewi mafuta kwenye chakula chake, anayahitaji akue.

Na dawa usiziache. Chakula kinafanya kazi pamoja nazo.

Unachohitaji

- Kijiko cha chai na kijiko cha chakula, vya jikoni tu, visivyotumika kwa kazi nyingine.
- Kikombe kimoja cha kupimia unga. Chochote, ila kiwe hichohicho kila siku.
- Daftari na kalamu.
- Tepe ya fundi cherehani.
- Sahani yako mwenyewe, hata kama nyumbani mnakula sinia moja.
- Wiki nne. Usijaribu kubadilisha vyote kwa siku moja.

Hatua ya 1: Jua unaanzia wapi

Nenda zahanati au kituo cha afya ukapime presha, na sukari kabla hujala chochote asubuhi. Presha ikionekana 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, hiyo ni ya kufuatiliwa na daktari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, rudi upimwe tena upate majibu ya uhakika. Usisubiri dalili. Presha inaweza kukaa mwilini miaka bila kuumiza chochote, na wengi hapa kwetu wanaijua siku mkono na mguu wa upande mmoja vimekataa kunyanyuka.

Pima na kiuno, tepe ikipita usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamke akivuka sentimita 88, au mwanamume 102, mafuta ya tumboni yameshakuwa mengi kiasi cha kuongeza hatari. Andika namba zote tatu kwenye daftari pamoja na tarehe.

Hatua ya 2: Pima chumvi, mafuta na sukari ya nyumba nzima

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanairuka, na kwangu ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Huhitaji mizani. Siku unayofungua pakiti ya chumvi, andika tarehe. Siku inayokwisha, andika tena. Gawanya gramu kwa idadi ya watu, kisha kwa idadi ya siku.

Chukua mfano wa nyumba ya watu 6 wanaomaliza nusu kilo ya chumvi kwa siku 10. Gramu 500 ukigawanya kwa 6, kisha kwa 10, unapata kama gramu 8 kwa kila mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena kikihesabiwa na kilichomo kwenye mkate, dagaa na vya pakiti. Nyumba hiyo imeshavuka kabla hata hujamhesabia baba chipsi alizokula mjini.

Fanya hivyohivyo kwa sukari. Kilo moja ikiisha kwa siku 4 kwa watu haohao 6, kila mmoja amekula kama gramu 42 kwa siku, sawa na vijiko 8 vya chai. Ushauri ni kutovuka gramu 50, na kushuka chini ya 25 ni bora zaidi. Soda na juisi za chupa hazimo kwenye hesabu hiyo, ziongeze.

Mafuta nayo: lita 5 zikiisha kwa siku 20 kwa watu 6, kila mtu amekula karibu vijiko 3 vya chakula kila siku. Lengo nililojiwekea mimi ni vijiko 2.

Ukishazijua namba zako, shusha kidogokidogo:

1. Chumvi: chota kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, kamwe si kwa vidole. Tia mwishoni chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu ukitia mapema maji yakapungua utaonja vibaya. Wiki ya kwanza toa robo ya kijiko kwenye kila sufuria. Ulimi unazoea baada ya wiki kadhaa.
2. Viungo vya pakiti na vya vipande: humo mna chumvi nyingi. Ukivitumia, usitie chumvi nyingine. Afadhali vitunguu saumu, tangawizi, pilipili hoho, limau na nyanya za kutosha.
3. Mafuta: usimimine kutoka kwenye dumu. Pima kwa kijiko cha chakula.
4. Sukari ya chai: toa nusu kijiko kila wiki. Anayetia vijiko 4 atafika 2 mwezi ukiisha, na hatapigana na mtu.

Onyo: usinunue chumvi ya mawe isiyo na madini joto kwa kuambiwa kwamba ni "ya asili". Madini joto yanazuia goita. Chumvi ya kawaida ya pakiti inatosha, iwe kidogo tu.

Hatua ya 3: Punguza bonge, ongeza mboga

Ugali hauachwi. Tatizo ni bonge. Kwetu ugali ukiwa mdogo mgeni anaona amedharauliwa, na mboga zinakaa pembeni kama kionjo. Geuza mpango huo. Nusu ya sahani yako iwe mboga za majani na tunda. Robo iwe ugali, wali, viazi au mihogo. Robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, maharage, choroko au dengu.

Kama mnakula sinia moja, huwezi kupima tonge za kila mtu. Pima unga kabla ya kusonga. Mimi nilikuwa nasonga vikombe 8 kwa watu 6. Nikashuka hadi 7, wiki iliyofuata 6, na mwisho 5, huku sufuria ya mboga ikikua. Hakuna aliyelalamika mpaka nilipojisema mwenyewe. Ukishusha kutoka 8 hadi 5 kwa siku moja, watoto watalala njaa na mzee atatafuta chipsi usiku.

Bonge la ukubwa wa ngumi yako linatosha kwa anayekaa ofisini au dukani kutwa. Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha, au anayebeba mizigo pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, anahitaji zaidi ya hapo. Usimpimie kwa ngumi ya karani.

Hatua ya 4: Badili unga

Sembe imeondolewa pumba na kiini, kwa hiyo nyuzinyuzi zimekwenda na ugali wake unapandisha sukari haraka. Dona imebaki navyo. Anza kwa kuchanganya kikombe 1 cha dona na vikombe 3 vya sembe, kisha nusu kwa nusu. Mtama, uwele na ulezi pia ni vyakula vyetu vya siku nyingi Usukumani, na ugali wa mtama kwa mlenda hauna haja ya kutangazwa.

Kosa la kawaida: kusaga debe zima la dona. Kile kiini kina mafuta, na unga wake ukikaa unachacha na kuwa mchungu. Sagisha wa wiki mbili tu.

Kosa lingine ni la hatari. Mahindi au karanga zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi au kusinyaa, zina uwezekano wa kuwa na sumukuvu, ambayo inaharibu ini na inaweza kuleta saratani yake. Kupika hakuiondoi, na kukoboa au kusaga pamoja na nzuri ni kujidanganya. Zichambue kwenye ungo, mbaya zitupe. Wala usiwape kuku wako.

Udaga, yaani mihogo iliyovundikwa na kukaushwa: mihogo michungu lazima ivundikwe siku za kutosha na kukauka vizuri ndiyo sumu yake ipungue. Nunua kwa mtu unayejua anavyoandaa. Na kwa kuwa muhogo hauna protini ya maana, ugali wa udaga usiende mezani na mchuzi mtupu. Weka dagaa au choroko.

Hatua ya 5: Samaki na dagaa

Hapa tumebarikiwa kuliko mikoa mingi, halafu tunaharibu kwenye karai la mafuta.

Dagaa wa ziwani huliwa mzima na mifupa yake, na ndiyo maana anatoa protini na kalsiamu kwa bei ya chini. Ukiwa Mwaloni, uliza kwanza kama ni wa chumvi au la. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja. Walioanikwa chini wana mchanga, na utawaosha mpaka uchoke. Awe na rangi ya fedha inayong'aa, asiwe wa njano wala asinuke mafuta yaliyochacha.

Ukikuta ni wa chumvi tu, fanya hivi:

1. Chambua, osha mara mbili kwa maji baridi kutoa mchanga.
2. Loweka kwenye maji ya moto dakika 15. Mwaga maji hayo, usiyapikie.
3. Rudia kuloweka mara ya pili.
4. Kaanga kitunguu kwa kijiko 1 au 2 vya mafuta, weka nyanya nyingi, tia dagaa, funika.
5. Mchuzi ukishachemka, onja. Mara nyingi hutatia chumvi hata chembe.

Kwa sato na sangara, pika chukuchuku kwa limau, tangawizi, nyanya na bamia, au banika kwenye mkaa. Mapanki ya sangara, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishatolewa, yanatoa supu nzuri, na nyama iliyobaki kwenye mifupa si ya kudharau; nunua mabichi, yasiyonuka. Samaki wa kukaanga awe wa mara moja kwa wiki, na mafuta aliyokaangiwa yakishakuwa meusi yatupwe. Najua inauma kuyamwaga. Usiyaungie mboga ya kesho.

Kuhusu aina ya mafuta: kwa kila siku napendelea ya alizeti. Mafuta yanayoganda asubuhi ya baridi yana mafuta magumu zaidi, yapunguze.

Siku ambayo samaki ni ghali, usikimbilie soseji. Choroko, dengu, kunde na maharage vinajaza ile robo ya sahani kikamilifu. Vyote viloweke usiku, mwaga maji, chemsha, unga kwa karanga za kusaga mahali pa mafuta. Huo ndio upishi wa bibi zetu.

Hatua ya 6: Mboga na matunda kila siku

Lengo ni gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, mboga na matunda pamoja. Kwa macho, ni viganja vitano vilivyojaa: vitatu vya mboga iliyopikwa, viwili vya tunda. Mchicha, matembele, mnafu, mgagani, majani ya maboga, kisamvu: badilisha kwa zamu, usirudie mchicha wiki nzima. Kiangazi mboga zikipanda bei, nsansa yako, yaani mboga za majani ulizozianika masika, itakuokoa.

Osha kabla ya kukata, kwa maji safi yanayotiririka, hasa mboga za mabondeni ambako hujui zimemwagiliwa maji gani. Pika kwa maji kidogo dakika chache na usimwage maji yake. Kamulia limau mezani. Linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Chai inafanya kinyume chake, kwa hiyo isiwe pamoja na mlo. Subiri kama saa moja. Kwa wanawake wenye upungufu wa damu jambo hili dogo lina maana kubwa.

Tunda ulile kama lilivyo. Chungwa la Ukerewe au nanasi la Geita ukilikamua, unabaki na sukari na kumwaga nyuzinyuzi, na kwenye glasi moja unakunywa machungwa manne ambayo usingeweza kuyala kwa mkao mmoja.

Hatua ya 7: Vinywaji na vya nje

Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko 7 hivi vya chai. Iwe ya sherehe. Juisi za chupa na vinywaji vya kuongeza nguvu ni hivyohivyo. Pombe punguza au acha, maana inapandisha presha na kuongeza uzito.

Kwa mamantilie, kauli tatu zinatosha: "Mama, wali nusu, mboga mara mbili, na supu usiongeze chumvi." Akikujua hataona ajabu. Chipsi mayai si mlo wa kila usiku. Asubuhi, mahali pa mandazi mawili na chai ya vijiko vinne, jaribu kiazi kitamu, muhogo wa kuchemsha, magimbi au uji wa ulezi, pamoja na yai au karanga.

Onyo kuhusu unga wa lishe wa kwenye pakiti wenye nafaka kumi na ahadi ya "kutibu" kisukari: uji ni chakula chenye wanga, unapandisha sukari kama ugali unavyopandisha. Pia mchanganyiko uliosagwa na karanga au dagaa unachacha upesi. Pesa yako peleka kwenye mboga.

Ikikwama

*Mzee wa nyumba anasema chakula hakina ladha.* Umeshusha chumvi haraka. Rudisha robo ya kijiko, ongeza kitunguu saumu na limau, kisha shusha tena baada ya wiki mbili. Usimpikie sufuria yake ya pembeni. Akipikiwa peke yake anajiona mgonjwa, na waliobaki wanaendelea na chumvi ileile.

*Watoto wanatoa mboga pembeni.* Katakata ndogo, unga kwa karanga, changanya na dagaa. Wape mara nyingi bila kuwapiga wala kuwahonga soda. Mtoto anaweza kukataa mara nane na kukubali ya tisa.

*Napata njaa saa kumi.* Mara nyingi mchana umekula wanga bila maharage wala samaki. Ongeza ile robo ya protini kabla ya kuongeza ugali. Ukihitaji kitu, kula tunda au karanga kiganja kimoja.

*Tumbo linajaa gesi tangu nianze dona na maharage.* Umeongeza kwa pupa. Rudi hatua moja nyuma, kunywa maji zaidi, loweka maharage usiku mzima.

*Pesa haitoshi.* Angalia daftari. Nyumba iliyokuwa ikimaliza kilo ya sukari kwa siku 4 ikifika siku 8, na lita 5 za mafuta zikitoka siku 20 hadi 28, hiyo tofauti ndiyo bei ya fungu la mchicha na papai. Nunua jioni sokoni wakati wauzaji wanataka kufunga, ila mboga iwe bado mbichi.

*Nasikia kizunguzungu, natetemeka na jasho linanitoka, na natumia dawa za kisukari.* Huenda sukari imeshuka. Kunywa mara moja maji yenye vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari, kaa chini, kula, kisha nenda ukaonwe siku hiyohiyo. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

*Miezi mitatu imepita, presha haijashuka.* Chukua daftari lako lenye namba za chumvi, mafuta na sukari uende nalo kliniki. Daktari akiona umeshafika gramu 5 na bado iko juu, atajua huenda ni suala la dawa, na hatakurudisha nyumbani na neno "punguza chumvi". Mama yangu alibadilishiwa dozi kwa njia hiyo, na daftari lake bado linaning'inia kwenye msumari karibu na jiko.